Neno "Safi" na Gari la Umeme

Ijumaa moja ya muhula uliopita wanafunzi wetu walikutana ukumbini kwa mdahalo wa Kiswahili, kama ilivyo desturi ya shule yetu. Mada iliyoandikwa ubaoni ilikuwa fupi: "Gari la umeme ni gari safi." Hatutawaficha wasomaji kwamba mada hiyo tuliichagua sisi wenyewe, na kwamba tuliichagua kwa majivuno kidogo, kwa sababu gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa nje, chini ya mwembe, na kila mwanafunzi alilijua kuwa ni letu.

Sisi ni walimu watatu. Makazi yetu yako Lugazi, na shule tunayofundisha iko Kampala, mwendo wa kilomita zipatazo 45 kwenda na nyingine 45 kurudi. Kwa miaka mingi tulisafiri pamoja katika gari kuukuu la petroli la mmoja wetu, tukichanga fedha za mafuta kila Jumatatu. Barabara ile ni njia kuu ya malori yatokayo Mombasa na Malaba. Alfajiri tulipokaribia Mukono tuliwakuta watoto wa shule za msingi wakitembea kandokando ya lami wakiwa wamevaa sare, na moshi wa malori, pamoja na wa gari letu, ukiwafunika hadi tusiwaone. Gari lile lilikunywa lita 8 kwa kila kilomita 100. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Tulipoketi kupiga hesabu, tuliona kwamba kwa siku 200 za kazi katika mwaka tulikuwa tukichoma lita zipatazo 1,440 na kuachia angani zaidi ya tani 3 za hewa hiyo, ili tu kwenda kuwafundisha watoto wa watu ngeli za majina na kurudi nyumbani.

Basi tulikopa fedha katika chama chetu cha akiba na mikopo, tukanunua gari dogo la umeme lililokwisha kutumika Japani kabla ya kuletwa kwetu. Usiku tunalichaji katika soketi ya kawaida ya nyumbani kwa muda wa saa sita hivi, nalo hupokea yuniti 13 au 14, zinazotosha safari ya siku nzima. Halina moshi wala mngurumo. Siku ya kwanza tulipopita Mukono alfajiri, tulifungua madirisha tukasikia watoto wakizungumza barabarani, jambo ambalo hatukuwa tumelisikia kwa miaka kumi na moja. Tulifurahi, na furaha hiyo hatuioni kuwa kosa.

Turudi kwenye mdahalo. Waliounga mkono mada walizungumza vizuri. Mmoja alikumbusha kwamba mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari la umeme la viti viwili, Kiira EV, na kwamba fahari hiyo ni yetu pia. Mwingine alieleza kwamba sehemu kubwa ya umeme wa Uganda hutokana na maji ya Mto Naili, wala si makaa ya mawe. Waliopinga walikuwa dhaifu. Walilalamikia bei ya gari na kukatika kwa umeme. Tulikuwa tumekwisha kujua ni upande gani utakaoshinda. Ndipo aliposimama kijana mmoja aliyezaliwa Kolwezi, katika jimbo la Lualaba nchini Kongo, aliyeletwa Uganda na mama yake akiwa mdogo. Kiswahili chake kina ladha ya kwao, nacho ni kizuri. Akasema:

"Mwalimu, naomba kuuliza. Betri ya gari hili ina kobalti. Kobalti inatoka kwetu. Baba mdogo aliingia shimoni kuitafuta, udongo ukamwangukia, na hatukumpata hata kumzika. Sisemi mliuze gari. Mkiacha kununua, wale waliobaki watakula nini? Mimi nauliza neno tu. Kwa nini mnaliita safi?"

Ukumbi ulinyamaza. Mwenyekiti wa mdahalo, ambaye naye ni mwanafunzi, alitugeukia sisi. Hatukuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu letu, nalo limechelewa.

Kwa kuwa kijana aliuliza juu ya neno, na sisi kazi yetu ni maneno, tuanzie hapo. Katika Kiswahili twasema maji safi, nguo safi, hesabu safi, moyo safi. Twasema pia "safi!" tunapomsifu mtu kwa kazi nzuri. Neno hili basi limebeba mambo mawili kwa pamoja: kutokuwa na taka, na kutokuwa na lawama. Aghalabu hayo mawili hufuatana, ndiyo maana hatuyatenganishi. Lakini kuna wakati yanaachana njia. Tunapomwambia mtoto asafishe darasa, hatumwambii auondoe uchafu duniani. Twamwambia auondoe machoni petu. Naye hufagia mpaka nje ya mlango, na upepo huuchukua uchafu ule ukaupeleka darasa la jirani. Darasa letu limekuwa safi kwa maana ya kwanza. Kwa maana ya pili, tungefaa kwanza kumuuliza jirani.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa gari letu. Barabarani halina moshi, na hilo ni kweli tupu. Mtoto wa Mukono amepunguziwa kitu katika mapafu yake, na asiyethamini jambo hilo hajatembea kandokando ya barabara ile. Lakini tukifuata waya kutoka soketini, na tukifuata betri mpaka ilikotoka, tunafika kwenye milango miwili ya majirani.

Mlango wa kwanza uko karibu, Jinja. Bwawa la maporomoko ya Owen, ambalo leo huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na tangu hapo mabwawa mengine yamefuata katika mto huo huo: Bujagali, lenye megawati 250, lilikamilika mwaka 2012, na Karuma, lenye megawati 600, lilizinduliwa mwaka 2024. Maporomoko ya Bujagali yamefunikwa na maji ya bwawa. Kwa Wasoga maporomoko yale hayakuwa mawe na povu tu. Yalikuwa makao ya roho iliyoheshimiwa, Budhagaali, na pahali pa sala na sadaka. Sisi watatu tuna dini zetu nyingine. Hata hivyo tunajua maana ya kuambiwa kwamba nyumba ya ibada ya wazee wako imezamishwa ili wengine wapate taa. Pengine ilikuwa lazima. Lakini lazima haifuti deni. Huonyesha tu kwamba deni lilichukuliwa kwa sababu nzuri.

Mlango wa pili ni ule aliotuonyesha kijana. Zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ichimbwayo duniani hutoka Kongo, hasa katika ukanda wa shaba kati ya Lubumbashi na Kolwezi. Betri ya simu ina gramu chache tu za madini hayo. Betri ya gari ya aina kama yetu ina kilo kadhaa. Sehemu iliyo kubwa zaidi huchimbwa na makampuni yenye mitambo. Sehemu nyingine huchimbwa kwa mikono, kwa sururu na koleo, katika mashimo yasiyo na nguzo za kuzuia udongo. Mwezi Januari 2016 shirika la Amnesty International lilitoa ripoti iliyoeleza jinsi watoto walivyookota, walivyoosha na walivyobeba mawe hayo kwa ujira wa dola 1 au 2 kwa siku. Mwezi Juni 2019 udongo uliporomoka katika mgodi karibu na Kolwezi ukaua wachimbaji zaidi ya 30, ambao waliingia pasipo ruhusa kutafuta riziki yao. Kisha mawe ya mtambo na mawe ya mkono huchanganywa njiani, yakapelekwa viwandani, mengi yao China, ili yasafishwe. Ndiyo, wasomaji wapenzi: yasafishwe. Neno ni lile lile. Baada ya kusafishwa huko, hakuna awezaye kutuambia kama katika betri yetu mna jiwe alilolitoa baba mdogo wa yule kijana, au hamna.

Na huko Kolwezi watu wanazungumza Kiswahili. Jambo hili lilitugusa kuliko takwimu zote. Sisi tumezoea kuwaambia wanafunzi kwamba Kiswahili ni lugha ya ujirani. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na mwezi huo huo Kongo ilikamilisha taratibu za kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tulisherehekea mambo yote mawili darasani. Lakini mtu huwi jirani yake kwa kuzungumza lugha yake tu. Ukiielewa lugha ya mtu, umepoteza udhuru wa kutomsikia.

Wala si mara ya kwanza kwa nchi ile kulipia safari za watu wengine. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alisajili hataza ya tairi la kujazwa upepo, na baiskeli, kisha magari, yakaanza kwenda bila kutikisa mwili. Wapanda baiskeli wa Ulaya walifurahi kama tulivyofurahi sisi. Chombo chao hakikuwa na moshi, wala hakikula nyasi kama farasi. Lakini mpira wa matairi ulitakiwa kwa wingi, na katika Kongo iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II kuanzia 1885 hadi 1908, watu walilazimishwa kuutafuta msituni kwa mateka, kwa viboko na kwa kukatwa mikono. Aliyeufichua uovu huo zaidi ya wengine hakuwa mfalme wala askofu. Alikuwa karani wa kampuni ya meli ya Liverpool, E. D. Morel, aliyesoma orodha za shehena akaona kwamba meli zinarudi na mpira na pembe za ndovu, na zinakwenda na bunduki na risasi, wala si bidhaa za kulipia. Alisoma kwa makini makaratasi ambayo wenzake waliyapitia kwa haraka. Tunamtaja kwa sababu kazi yake ilikuwa karibu na kazi ya mwalimu: alikataa kuita biashara kitu ambacho hakikuwa biashara.

Hapa yamkini msomaji atasema: kama ni hivyo, rudini kwenye petroli. Tumelifikiria shauri hilo, tukaliona ni kukimbia mvua na kuingia mtoni. Petroli nayo ina milango yake. Watu wa Ogoni, katika delta ya mto Niger, waliona mashamba na vijito vyao vikichafuliwa kwa mafuta, na mwandishi wao Ken Saro-Wiwa na wenzake 8 walinyongwa na serikali ya kijeshi ya Nigeria tarehe 10 Novemba 1995. Zaidi ya hayo, viwanda vya kusafishia mafuta hutumia kobalti katika kuondoa salfa. Basi hata katika gari kuukuu hatukuwa mbali na Kolwezi; hatukuwa tumeulizwa tu. Asiyeulizwa si lazima awe hana hatia.

Mwingine atasema: nunueni gari ambalo betri yake haina kobalti. Magari hayo yapo, na yanaongezeka. Betri zao hutumia chuma na fosfati. Shauri hili lina nguvu zaidi. Lakini tukumbuke swali la pili la kijana: wale waliobaki watakula nini? Mwezi Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha kwa muda usafirishaji wa kobalti nje ya nchi kwa sababu bei ilikuwa imeanguka mno. Nchi inayotegemea jiwe moja huumizwa jiwe likipendwa, na huumizwa likiachwa. Anayeliacha jiwe ili moyo wake uwe mweupe, huku mchimbaji akibaki na shimo na njaa, amejisafisha kama yule mtoto mwenye ufagio. Hatusemi kwamba betri hizo ni mbaya. Twasema tu kwamba kuhama duka si kulipa deni tulilokwisha kukopa katika duka la kwanza.

Wa tatu atasema: pandeni taksi ya abiria kama watu wengine. Huyu ndiye mwenye haki kuliko wote, nasi hatuna jibu la kumshinda. Watu 14 katika gari moja ni bora kuliko watu watatu katika gari moja, liwe la umeme au la petroli. Tulipanda taksi kwa muhula mmoja. Tulichelewa vipindi vya kwanza mara nyingi mno, na mkuu wa shule akatuonya. Tunalisema hili kama maelezo, si kama udhuru.

Basi tumefikia wapi? Tumefikia kuona kwamba usafi, kwa ile maana ya pili, si sifa ya chombo. Chombo huwa na moshi au huwa hakina. Lakini lawama na haki zimo kati ya mtu na mtu. Tulipobadili gari tulibadili wadai wetu. Wadai wa zamani ni wale watoto wa barabarani, na watoto wao ambao hawajazaliwa, watakaoishi chini ya anga tuliyoichafua. Deni lile ni gumu kulipika, kwa maana moshi ukishatoka hausemi ulikwenda kwa nani. Wadai wapya wana mahali na wana majina. Mchimbaji anaweza kulipwa bei ya haki. Shimo linaweza kutiwa nguzo. Mtoto anaweza kutolewa mtoni anakoosha mawe akaingizwa shule. Hayo yote yamo katika uwezo wa binadamu, na yanajulikana namna ya kutendeka. Yamekosa watu wa kuyadai tu. Kwa hiyo tunashikilia kwamba ni afadhali kuwa na deni linaloweza kulipwa kuliko lisiloweza. Lakini afadhali hiyo ina sharti lake. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Tukichukua deni linalolipika kisha tukaliita safi, tumemfungia mdai mlango kabla hajabisha hodi, na hapo tumekuwa wabaya kuliko tulipokuwa na petroli, kwa sababu sasa tunajua.

Walimu watatu wa Lugazi hawawezi kupandisha bei ya kobalti. Tunakiri. Lakini udogo wa mtu hupunguza kiasi cha deni, haumtoi katika orodha ya wadaiwa. Tulichoweza ni haya. Viti viwili vilivyokuwa vitupu tumewapa wenzetu wawili wa Mukono, ambao kila mmoja alikuwa akija na gari lake. Tumekubaliana kwamba gari hili tutalitumia mpaka lishindwe kabisa, tusilibadili kwa kuona jipya, kwa sababu kila betri mpya ni shimo jipya. Na betri itakapochoka kwa safari, itatumika kuhifadhi umeme wa kuwashia taa za maktaba ya shule badala ya kutupwa. Na tumeacha kuliita safi. Tunasema "gari lisilo na moshi", maneno marefu kidogo, lakini ya kweli.

Wiki iliyofuata tulisimama mbele ya wanafunzi tukakiri kwamba mada tuliyoitoa ilikuwa na kasoro, na kwamba kasoro hiyo haikuwa ya sarufi. Tulimwomba yule kijana aandike mada mpya. Alifikiri kwa muda, akaandika ubaoni: "Gari la umeme limepunguza moshi. Ni nani atakayelipa yaliyobaki?" Mwenzetu mmoja alinong'ona kwamba hiyo si mada ya mdahalo, kwa maana haina upande wa kupinga. Ni kweli. Tuliiacha kama ilivyo, na wanafunzi walizungumza mpaka kengele ya kutoka ikalia.

Tunawaletea walimu wenzetu swali hilo, si kwa sababu tumelimaliza, bali kwa sababu linafundishika. Kila mmoja wetu ana darasani mtoto aliyetoka pahali fulani ambapo kitu fulani tunachokitumia kila siku huchimbwa, hukatwa au huvuliwa. Atafutwe, aombwe kusema, na apewe muda wa kutosha. Yule wetu alikaa nasi miaka mitatu kabla hajasema, na sababu si kwamba hakuwa na la kusema. Hatukuwa tumemuuliza.